Uliza Ampaya: "Jamani, ile ilikuwa boli!"

Haya wasomaji wangu, toleo lililopita niliwaambia leteni maswali ya softiboli, nikajua mtaniuliza habari za kuiba besi na bei za glavu, kumbe wapi, meseji karibu zote ni kilio kimoja tu: zoni. Ampaya (mwamuzi) kanionea, ampaya haoni, ampaya ana shemeji timu ile. Sawa, leo nalipa deni. Ila mjue kabisa kwamba kila Jumamosi ya msimu mimi mwenyewe niko nyuma ya pleti huku Ohio na maski usoni, kwa hiyo mnamuuliza fisi habari za mbuzi aliyepotea.

Kwa mgeni, dakika moja. Mrushaji anarusha mpira kwa mkono wa chini, mpigaji ana bati (la kupigia, siyo la kuezekea), nyuma yake kachuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji ndo sisi. Mpigaji akizungusha bati akakosa, hiyo straiki haina mjadala. Akiuacha upite, hapo ampaya anaamua: umepita ndani ya zoni, lile dirisha la hewa juu ya pleti mbele ya mpigaji, ni straiki, umepita nje ni boli. Straiki 3 umetoka, boli 4 unatembea bure mpaka besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Pleti ni ile sahani nyeupe ya pembe tano iliyolala chini, na ugomvi wote wa dunia hii uko hewani juu yake.

Shikamoo Anko. Binti yangu yuko timu ya shule, mwaka wa pili sasa. Jumanne mrushaji wa upande wa pili karusha mpira, mdakaji kaudaka chini kabisa, glavu inagusa vumbi, ampaya kanyanyua ngumi straiki ya tatu. Binti kalia njia nzima kwenye gari. Nilikuwa nimekaa upande wa besi ya kwanza na nimeona kwa macho yangu haya mawili. Huyu ampaya ni kipofu au kalipwa? – Mzazi, Columbus

Marahaba mama, na pole kwa binti, kilio cha ndani ya gari nakijua, nimeshaendesha hilo gari. Kulipwa hajalipwa mama yangu, hela tunayopewa kwa mechi ukitoa mafuta na maji inabaki ya chapati mbili. Tuje kwenye upofu.

Wewe uliangalia glavu. Kila mtu anaangalia glavu, ndo mpira unapoishia na ndo panapotoa mlio. Lakini zoni haiko kwenye glavu, iko juu ya pleti, na mdakaji yuko nyuma ya hapo, hata akinyoosha mkono bado kuna kama hatua nzima mpira unasafiri baada ya kuvuka. Kwa sheria za sekondari za Marekani zoni ni ile hewa iliyo juu ya pleti, kuanzia kwapa la mbele la mpigaji kushuka mpaka juu ya magoti, akiwa amesimama kwa mkao wake wa kawaida wa kupiga. Sasa kuna mpira unaitwa dropi, mrushaji anauviringisha kwa vidole uzunguke kwenda mbele kama gurudumu, na kazi yake yote duniani ni kuzama ukimfikia mpigaji. Dropi nzuri inavuka pleti ikiwa usawa wa goti, inaendelea kuzama, ikifika kwa mdakaji iko kwenye kifundo cha mguu, na mdakaji akiwa mvivu akageuza glavu vidole chini badala ya kwenda kuufuata mbele, basi ndo hiyo glavu uliyoiona kwenye vumbi. Straiki halali kabisa na sura yake mbaya kabisa.

Jaribu nyumbani. Weka sahani ya chakula sakafuni, binti asimame pembeni yake kama anapiga, mdogo wake ashike mpira juu ya sahani usawa wa goti la dada yake, halafu arudi nyuma hatua moja huku anaushusha pole pole mpaka kwenye kifundo. Angalieni ulipoanza na ulipoishia. Halafu kumbuka hayo yote uwanjani yanatokea kwa chini ya nusu sekunde, maana kutoka kwa mrushaji mpaka pleti ni futi 43 tu na mkono wake anauachia akiwa ameshapiga hatua ndefu mbele.

Na nikwambie siri ya kazi, ampaya wengi hiyo dropi wanaiogopa. Wanajua ni straiki, ila wakiiita tu jukwaa zima linasimama, kwa hiyo wanaiita boli wapate amani. Huyo wa kwenu aliiita mbele ya wazazi wote, aidha ana moyo au kweli haoni. Simsafishi, sikuwepo, kama mpira ulivuka ukiwa kwenye ugoko basi kakosea na hamna la kuongeza. Lakini kutoka upande wa besi ya kwanza, na jicho likiwa kwenye glavu, huwezi kuniambia ulivukia wapi.

Sasa Anko, mimi niko Minneapolis, tuko na timu ya job tunacheza slopitchi kila Alhamisi jioni, ile ya mpira kurushwa juu pole pole. Jamaa karusha kitu imeenda juu kama anaangusha maembe, ikashuka ikatua kwa mchanga nyuma ya pleti, pap! Mi nimesimama tu nacheka. Ref anasema straiki. Straiki aje na imeanguka chini? Niliboeka vibaya. – Mkenya wa Alhamisi

Poa sana mdogo wangu, na usicheke tena ukiwa na bati mkononi.

Hiyo yenu ni zoni tofauti na ya yule binti wa Columbus. Kwa slopitchi, vitabu vya USA Softball, shirikisho la softiboli la Marekani, vinapima kuanzia bega la nyuma la mpigaji mpaka goti la mbele, na mpira lazima upande juu angalau futi 6 kutoka ardhini, usiporuka hivyo siyo halali. Sasa kitu kilichopanda hivyo kinashuka kwa mteremko mkali, hakiji kimenyooka, kwa hiyo kikipita mbele ya goti lako juu ya pleti lazima kitue hapo hapo nyuma, hakina pengine pa kwenda. Kutua nyuma ya pleti siyo kosa, mara nyingi ndo dalili kwamba ilikuwa straiki. Ungetua mbele ya pleti kwanza, hapo cheka.

Halafu waulize waandaaji, ligi nyingi za starehe wanaweka mkeka nyuma ya pleti, mpira ukigusa mkeka ni straiki, kwisha. Mimi nauchukia ule mkeka, unamfanya ampaya awe mtu wa kuangalia sakafu, ila nakiri tangu uje matusi yamepungua.

Jambo Anko. Miye ni binti wa Bukavu, sasa niko Dallas na wazazi, niko na miaka 16, ninacheza ku shule. Juzi tulikuwa na mechi mbili siku moja. Asubuhi ampaya alikuwa anaita straiki mipira ya kule nje mbali, hata bati haifiki. Jioni ampaya mwingine, mpira ule ule, boli. Kochi anasema tu nizoee. Kitabu si ni kimoja? Zoni mbili zimetoka wapi?

Jambo sana binti yangu. Hili ndo swali lenyewe, wengine wote walikuwa wanalizunguka, kaa vizuri nikupe kwa urefu.

Kwanza vipimo, maana kuna watu wanadhani zoni ni upana wa pleti tu. Pleti ina inchi 17, kama sentimita 43. Mpira wenu mzunguko wake inchi 12, kwa hiyo kutoka shavu hadi shavu ni karibu inchi 3.8, kama chungwa lililoshiba. Kwenye shule zenu sehemu yoyote ya mpira ikilamba hewa ya juu ya pleti, imetosha. Maana yake mpira unaweza kuwa karibu wote uko nje, umegusa ukingo kama ulimi unavyogusa aiskrimu, na bado ni straiki. Ukijumlisha pande zote mbili, ile njia ya mpira inakuwa kama inchi 25, siyo 17. Wapigaji wengi wanaolia "ilikuwa nje" walikuwa sahihi kwamba mpira ulikuwa nje, ila ukingo wake ulikuwa ndani.

Sasa upande wa pili. Chaki ya boksi la kupigia iko inchi 6 kutoka pleti. Ondoa mpira wenyewe 3.8, inabaki inchi 2 na kidogo, vidole vyako vitatu. Kwa hiyo mpira ukipita juu ya chaki ya lile boksi la upande wa pili, kati yake na pleti vinapita vidole vitatu vya hewa tupu, na hakuna kitabu duniani kinachouita huo straiki. Nahisi ndo uliokuwa unakuua asubuhi. Shida ni kwamba mkishaingia wapigaji watano sita hiyo chaki mmeikwangua yote na njumu, ampaya hana tena cha kupimia zaidi ya kichwa chake.

Na kichwa chake kiko wapi? Hatusimami katikati nyuma ya mdakaji, ukisimama pale utaona helmeti yake tu. Tunajibana kwenye upenyo kati ya mpigaji na mdakaji, macho yakae usawa wa juu wa zoni, kichwa kitulie, macho ndo yatembee na mpira. Kutoka hapo kona ya ndani iko chini ya pua yako, unaiona kama sahani ya ugali mezani. Kona ya nje, tena ya chini, ndo iko mbali kuliko zote, na mdakaji akisogea kule na bega lake ndo kabisa. Ampaya asiye na nidhamu anaanza kujisaidia na glavu: glavu haikutikisika, basi straiki. Mdakaji mjanja anajua hilo, anakwenda kukaa nje mapema, mpira unamkuta mkononi bila hata kusogea, pozi kama la passport, na ampaya anaingia mkenge. Yule wa asubuhi alikuwa anauziwa. Yule wa jioni pengine alikuwa anaona, au alikuwa mbahili tu, wapo pia.

Kuna na jambo ambalo ampaya hapendi kulisikia. Kwenye besiboli ya ligi kuu ya Marekani kamera zimekuwa zikipima kila mpira kwa miaka mingi, na imeonekana wazi hesabu ikiwa boli 3 bila straiki zoni inapanuka, ikiwa straiki 2 bila boli inasinyaa. Hao wanafanya kazi hii kwa mshahara mwaka mzima. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, ni mkono tu unakuwa mzito kumaliza mambo, kumtoa mtu au kumpa besi ya bure. Sasa kama wao wako hivyo, sisi wa Jumamosi na jua la saa nane? Na mimi nakiri kingine, mabinti wa miaka 10 nawapanulia makusudi, nikiita zoni ya kitabu hakuna atakayepiga mpira, ni matembezi kama msafara wa harusi mpaka jua linazama. Wewe una 16, hustahili kupanuliwa.

Sasa ufanyeje. Raundi ya kwanza usije na zoni yako mfukoni, kaa utazame wenzako wanaitiwa nini. Akiita ule wa nje straiki mara mbili, huyo ndo mwenye duka leo, sogea karibu na pleti, boksi lako lina futi 3 za upana na wengi mnasimama kama mnaogopa kukanyaga maua. Ukisogea, ule wa mbali unakuwa wa katikati. Na usimgeukie ampaya ukiwa kwenye boksi, akiona uso wako jukwaa nalo linaona, inageuka vita. Kochi ndo aulize, tena kwa utulivu kati ya raundi, "ule ulikuwa chini au nje?" Hilo swali tunalijibu. Kubishia boli na straiki hairuhusiwi, ataonywa na akiendelea atakwenda kukaa kwenye gari.

Mimi ampaya mwenye zoni pana kuanzia mpira wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa timu zote mbili, nitakunywa naye chai. Anayenikera ni yule anayeendeshwa na kelele, raundi ya 2 nje ni straiki, jukwaa likipiga yowe raundi ya 3 nje ni boli. Huyo mpigaji hawezi kumzoea hata akitaka.

Assalaam alaykum. Niko Maskati, nimekulia na kriketi. Hiyo boli yenu si ndo waidi yetu tu?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hapana, ni binamu. Waidi, mpira uliorushwa nje ya pale mpigaji anapoufikia, inawapa wapigaji ranzi (pointi) hapo hapo, boli haikupi kitu mpaka zifike 4. Na kwenu mpira kudunda ndo mchezo wenyewe, huku ukidunda kabla ya pleti ampaya hawezi kuuita straiki hata kama baadae umepita katikati kama mshale, mpigaji akiuvamia mwenyewe ni juu yake. Ila ampaya wenu nawahurumia zaidi, kwenye lile la mpira kugonga mguu mbele ya stampu (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji) inabidi aseme mpira ungekwenda wapi. Mimi naulizwa tu ulipita wapi na bado nalala na mawazo.

Habari Anko. Nafundisha michezo shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, tuna softiboli ya wasichana, maampaya ni wanafunzi wenyewe. Wanagombana kama wako kwenye rede. Vifaa vichache, maski moja ya mdakaji. Nianzie wapi? – Mwalimu

Salama mwalimu, na heshima zako. Rede umenikumbusha mbali, mchezo ambao kila mtu ni ampaya na hakuna ampaya, "imekugusa", "haijanigusa", mpaka anayetoka ni mwenye sauti ndogo.

Usalama kwanza: kama hiyo maski moja iko kwa mdakaji, basi hakuna mtoto kusimama nyuma ya pleti, hata mazoezini. Mpira ukichubuliwa kidogo na bati unageuka nyuma kabla hujapepesa. Mweke ampaya nyuma ya mrushaji, mbali kidogo. Kutoka pale ndani na nje ataona vizuri sana, juu na chini atababaika, lakini ana meno yake.

Zoezi ninalolipenda halina gharama. Chomeka miti miwili pembeni ya pleti, funga kamba mbili, moja usawa wa magoti ya mchezaji wa kawaida, moja usawa wa makwapa. Usiweke mpigaji. Mrushaji anarusha, mdakaji anadaka, mwanafunzi amesimama nyuma ya wavu au uzio na hasemi straiki wala boli, anasema tu mahali: juu, chini, nje, ndani, katikati. Siku nzima. Wakishakubaliana mahali, ndo uwape maneno. Ukianza na maneno wataanza na ugomvi.

Halafu wafundishe kuchelewa. Mtoto anataka kuita mpira ukiwa bado hewani ili aonekane mkali, na ndo anapokosea, ameshasema "straiki" mpira ndo kwanza unakata kona. Mwambie mpira uingie kwenye glavu, afunge mdomo, ahesabu moja kimoyomoyo huku anaurudisha kichwani ulivyopita pleti, ndo atamke. Boli anaitamka akiwa bado ameinama, bila mikono. Straiki anatamka kwa sauti ya tumboni halafu anainuka na ngumi ya kulia kama anagonga mlango. Siyo mapambo hayo, mwalimu, ile nusu sekunde ya kuinuka inamzuia asiropoke. Na kaunta ya kuhesabia ikikosekana, vijiti 3 mfuko huu na vijiti 4 mfuko ule, vinatosha.

Anko maswali matatu ya haraka toka Kampala. Mpigaji akijikunja kama chura, zoni inapungua? Mpira ukipita kwenye zoni ukamgonga, anapewa besi? Akianza kupiga akasita?

Haipungui, tunapima mkao wa kawaida wa kupiga, ujanja wa chura hausaidii, sanasana utaumwa kiuno. Ukimgonga ukiwa ndani ya zoni ni straiki, mpira umekufa hapo hapo na besi hapewi, na jiandae kuelezea hilo kwa mama yake. Akisita, swali ni moja tu, alijaribu kuupiga au hakujaribu, watu watakuambia kiwiko, watakuambia kichwa cha bati kimevuka mwili, zote hizo ni dalili tu. Mimi nikisema boli, timu inayodaka inaweza kuniomba nimuulize mwenzangu wa kwenye besi, ana pembe nzuri zaidi. Nikisema straiki siulizi mtu.

Mambo Anko, niko chuo hapa Nairobi nasoma kompyuta. Mbona bado mnatumia watu? Si muweke tu kamera? – Mwanafunzi

Poa kijana, unataka kunitoa kwenye chapati zangu mbili. Wenzetu wa besiboli ya ligi kuu wameanza: kuanzia msimu wa 2026 ampaya bado anaita, ila mpigaji, mrushaji au mdakaji akiona kaonewa anagusa kichwa chake papo hapo, bila kumtazama kochi, na mtambo unaonyesha. Kila timu inaanza na nafasi 2, ukishinda rufaa haikatwi.

Ila tazama walichofanya ili mtambo ukubali. Kupima kwa mkao wa mpigaji kumekufa. Zoni ya mtambo juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mchezaji, chini ni asilimia 27, na wanapima mpira ukiwa katikati ya pleti tu, kama kioo cha dirisha kilichosimamishwa pale. Kitabu cha zamani ni boksi zima, mpira ukigusa kona ya nyuma umeingia. Kwenye softiboli, mchezo ambao dropi na kevu (mpira unaokata kona) ndo mkate wa mrushaji, hicho kioo kitawanyang'anya straiki nyingi za mgongo wa pleti, na mimi siku hiyo nitaandamana. Kwa sasa hata vyuo vikuu vya huku ambavyo vina video za marudio, boli na straiki haziguswi. Wao zoni yao tena iko chini kuliko ya sekondari, inaanzia pale kidari kinapoishia badala ya kwapani, kwa hiyo binti akitoka sekondari akaingia chuo ule mpira wa juu aliozoea kupewa unamkimbia.

Unajua Yukiko Ueno wa Japani, Olimpiki ya Beijing 2008, alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili, mechi tatu, ya mwisho ndo fainali waliyowafunga Marekani 3-1. Watu wanasimulia mkono wake, na ni haki. Mi kila nikikumbuka nawaza wale jamaa waliokuwa nyuma ya pleti, kila mpira ambao haukupigwa kuna mtu alitakiwa aseme kitu, na yule mama alikuwa anarusha vitu vinavyopanda, vinavyozama, vyenye kasi na vya uvivu kwa mkono ule ule. Softiboli inarudi Olimpiki 2028, michezo ni ya Los Angeles ila softiboli yenyewe itachezwa Oklahoma City. Angalia pale ampaya kichwa chake, usiangalie ngumi, utajifunza kitu ambacho kamera haikuonyeshi.

Shikamoo Anko. Nina miaka 11, niko Nashville. Ukikosea huwa unajua?

Marahaba mwanangu. Ndiyo, najua, mara nyingi kabla hata sijamaliza kutamka.

Msimu wangu wa pili, mabinti wa umri wako, raundi ya mwisho, mpigaji ana straiki 2. Ukaja mpira wa chini, mi nikawa na haraka, jua, kiu, mkono ukainuka wenyewe: straiki tatu! Na wakati ngumi iko hewani nikaona kichwani mpira ulivyopita, chini kabisa, soksi. Huku ampaya wanatuita Blue kwa sababu ya shati. Mdakaji, katoto kadogo helmeti inamcheza kichwani, timu yake ndo imefaidika, akasimama, hakugeuka, akasema taratibu, "Blue, that was low," yaani ule ulikuwa chini. Halafu akatabasamu akarusha mpira.

Straiki ya tatu ukishaita huwezi kuirudisha kama chenji. Nikatoa brashi nikainama kupangusa pleti ambayo haikuwa na vumbi hata chembe, nipate pa kuweka macho. Sasa sisi tumefundishwa ukipangusa pleti unaupa uwanja mgongo, uso unaelekea jukwaani. Nikainua kichwa, na aliyekaa kiti cha mbele kabisa, mikono kifuani, ni mama yake yule mpigaji.